Mwandishi wa yule nguruwe mchunga kondoo: ni kweli shamba lilimshinda?

MwalimuNjoro

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Njoro, nina miaka 57, nimebakisha mitatu nistaafu. Swali langu lina mikia miwili, kwa hivyo mtaniwia radhi nikizunguka kidogo.

Mwaka juzi niliingia kwenye kuku wa mayai. Vifaranga 300 wa siku moja, banda jipya la mabati, mkopo wa chama. Waliofika kutaga walikuwa 212, na hao nao walikuta chakula kimepanda na mayai yameshuka, kwa sababu kila mtu kuanzia hapa hadi Molo alikuwa amepata wazo lile lile mwezi ule ule. Kisha kuna asubuhi niliamka nikakuta kicheche amepita. Hakula, aliua tu. Kumi na tisa, wamelala kila pembe na damu kidogo shingoni. Mwishowe waliobaki niliwauza kwa mama mmoja wa sokoni kwa bei ya kutupa, na banda sasa ni la kuni. Mke wangu analiita “chuo kikuu”. Anasema ndiko nilikolipa karo.

Sasa, mwezi wa tatu nilikuwa Nakuru mjini, nikapitia kwa wauza vitabu vikuukuu, nikanunua kimoja kwa shilingi 100, hakina hata jalada la nyuma. Kinaitwa The Sheep-Pig, mwandishi Dick King-Smith, Mwingereza. Kuna mkulima mkimya, Hogget, anayejipatia kitoto cha nguruwe kwenye sherehe ya kijiji kwa kukisia uzito wake. Kile kitoto, Babe, kinalelewa na mbwa jike mchunga kondoo aitwaye Fly, na kinataka kuchunga kama mama yake huyo wa kulea. Mbwa huchunga kwa kutisha. Nguruwe anaomba, na kondoo wanakwenda.

Ijumaa kipindi cha mwisho huwa nawasomea Gredi ya 4, jicho likiwa kwenye Kiingereza na mdomo ukitoa Kiswahili. Pale Babe anapozungumza na kondoo, Kiingereza kinamtaka awe na adabu tu, aseme tafadhali. Nilipofika hapo ulimi wangu wenyewe ukasema: “Shikamoo, nyanya. Naomba mpitie kwenye hili lango.” Darasa likaangua kicheko. Halafu nikasoma kwamba kondoo wamepita, kicheko kikakatika, na kijana mmoja wa nyuma akasema polepole, “Si hata mimi ningepita.”

Jambo lingine. Siku ya kwanza binti mmoja hakutaka kitabu kiwekwe kwenye dawati lake, kwa ajili ya ile picha ya nguruwe. Sikumlazimisha, nikakiweka kwenye meza yangu. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza tulifika wapi. Bado hakishiki.

Basi mkia wa kwanza: huyu bwana alifuga kweli? Maana anajua vitu ambavyo huwezi kuvijua ukiwa mezani. Nimesikia ati alikuwa mkulima na shamba likamshinda. Mkia wa pili: nina daftari la kurasa 96 lililojaa visa vya wale kuku wangu, nimewaandikia watoto. Mtu aliyeshindwa kufuga ana haki gani ya kuandika habari za mifugo? Tena akiwa na miaka 57?

NyarDunga

Shikamoo Mwalimu. Niko Kisumu, nimehudumu maktaba kwa miaka mingi, na vitabu vya huyu mzee ni kati ya vile vinavyorudi vimechakaa pembe. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umeniuliza mtu ninayempenda.

Alifuga. Alizaliwa 1922 Bitton, katika jimbo la Gloucestershire, karibu na Bristol. Vita vya pili vya dunia vilimkuta kijana, akaingia jeshini, akapigana Italia na kujeruhiwa huko vibaya. Aliporudi akashika jembe, na alikaa kwenye ukulima kama miaka 20: ng’ombe wa maziwa, nguruwe, kuku. Mapenzi yake makubwa yalikuwa nguruwe. Hesabu za pesa ndizo hakuziweza kabisa, na mwenyewe hakuficha hilo. Shamba la kwanza likaisha, akahamia la pili, nalo likaisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto watatu, na hana shamba.

Hapa nikuambie kitu ambacho waandishi wa sifa hupenda kuruka. Familia yake ilikuwa na viwanda vya karatasi. Hakuanza na mkopo wa chama kama wewe. Kwa hivyo ukijipima naye, jipime kwa haki.

Baada ya shamba alizunguka akiuza mavazi ya asbesto ya wazima moto. Nadhani ndiyo kazi iliyo mbali zaidi na nguruwe ambayo mtu angeweza kuipata. Kisha akaingia kiwanda cha viatu. Kisha, akiwa na miaka kama 50, akarudi darasani kama mwanafunzi, akakaa na vijana wa umri wa watoto wake, akahitimu ualimu 1975. Wakampeleka kufundisha shule ndogo ya kijijini, Farmborough. Hesabu zikamsumbua tena huko, akaishia na watoto wadogo kabisa. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo bahati yake, maana mtoto wa miaka sita akichoka na hadithi yako hakufichi. Anaanza kuvua viatu.

Kitabu cha kwanza alikiandika wakati wa likizo ya shule. Na Mwalimu, kaa chini: kilitokana na kuku waliouawa. Alipokuwa mkulima, mbweha aliwahi kumwingilia akamfyekea kuku. Mbweha wa kwao ni yule mwekundu, kazi yake ni ile ya kicheche wako. Kisa kile kilikaa kichwani mwake miaka kama 20. Alipokiandika akakigeuza: kuku ndio wanaojifunza kuruka juu na kuwaangushia mbweha mayai magumu. Kinaitwa The Fox Busters. Majina ya wale kuku ameyatoa kwenye maandishi ya mashine za shambani, kwa hivyo mashujaa wake watatu ni Ransome, Sims na Jefferies, ambalo ni jina la kampuni ya majembe ya trekta limekatwa vipande vitatu. Ni kama wewe uwaite kuku wako Massey na Ferguson. Mtu ambaye hajaishi shambani hapati mzaha huo.

Kilichapishwa 1978. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 56.

Aliendelea kufundisha hadi 1982 ndipo akaacha aandike tu. The Sheep-Pig ikatoka 1983, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi ya watoto ya gazeti la Guardian. Wazo la kukisia uzito lilimjia kwenye sherehe ya kijiji, palikuwa na mchezo huo huo wa kukisia uzito wa nguruwe. Kuanzia hapo hakusimama, akaandika zaidi ya vitabu 100. Utaratibu wake ulikuwa wa mkulima: asubuhi anaandika kwa mkono, alasiri anapiga taipu kwa kidole kimoja. Kuna wakati alitokea hata kwenye televisheni ya watoto akiwa na kijibwa chake Dodo, wale wenye miguu mifupi na mgongo mrefu.

Kati ya vingine, tafuta Harry’s Mad, cha kasuku wa kijivu anayezungumza kuliko wenye nyumba. Kasuku huyo ni wa aina ile ya msitu wa Kakamega, ambako sasa wamebaki wachache mno. Na kuna mfululizo wa msichana Sophie, ambaye tangu akiwa na miaka minne ameamua atakuwa mkulima na hataki ushauri wa mtu.

Alifariki Januari 2011, ana miaka 88.

Kuhusu haki yako ya kuandika, sina la kuongeza. Tarehe nimekupa.

Mfugaji_Busia

Nimesoma nikiwa bandani, kwa hivyo samahani kwa makosa ya kidole.

Mimi nafuga nguruwe, na hicho kitabu sijakisoma, nimeona filamu tu, Babe, ya 1995. Ilipigwa Australia. Kuna jambo moja kuihusu linalonifurahisha kila nikilikumbuka: walitumia vitoto 48 kucheza nguruwe mmoja! Watu wakasikia wakashangaa, mimi nikasema hao sasa ni watu waliofuga. Kitoto cha leo ukikipiga picha, wiki mbili baadaye si yule tena. Ukichelewa kidogo shujaa wako amekuwa wa kuuzwa. Ilishindania Oscar saba ikapata moja, ya zile mbinu za kuwafanya wanyama waonekane wanaongea.

Lakini Mwalimu nina ubishi na hizi hadithi. Nguruwe anaokoka kwa sababu ana kipaji. Haya, na wale wengine? Mimi mwaka mmoja nilipoteza 11 kwa siku tano, ile homa ya nguruwe ambayo huku kwetu hatuna chanjo wala dawa yake. Masikio yanageuka zambarau, mnyama anakataa chakula, kesho yake umepoteza. Mwanangu alikuwa na miaka minane na alikuwa amewapa wote majina. Nilimwambia nini? Nilimwambia wameenda. Mpaka leo ana miaka 15 na ananikumbusha kwamba nilimdanganya.

Kwa hivyo ukiandika hayo ya kuku, yule kicheche usimwondoe.

MwalimuNjoro

Ndugu yangu wa Busia, pole sana kwa hao 11. Nimesimama nikatembea kidogo baada ya kusoma hapo.

Filamu sijaiona, lakini kitabu naweza kukitetea. Mzee hakwepi. Kuna kondoo mmoja mzee aitwaye Ma, ndiye rafiki wa kwanza wa Babe katika kundi lote, na anakufa, ameuawa na mbwa waliovamia malisho. Tena Hogget anamkuta nguruwe ana damu mdomoni na anaenda kuchukua bunduki. Nilipofika hapo kengele ikalia. Niliwaacha watoto na hiyo bunduki kuanzia Ijumaa hadi Ijumaa. Mzazi mmoja alinipigia simu Jumapili jioni kuuliza kama nguruwe amepona, kwa sababu nyumbani hawali kwa amani.

Na tangu mwanzo Fly anajua kwa nini mtu hufuga nguruwe. Hamwambii mtoto wake wa kulea, lakini msomaji anajua. Hogget mwenyewe ni jina la mzaha: ni neno lao la kondoo aliyeacha kuwa mwanakondoo na hajawa mzima. Sisi tuna neno hilo? Kikwetu lipo. Kwa Kiswahili nilikaa nikalitafuta nikaishia “kondoo barobaro”, na darasa likakubali.

NyarDunga, asante. Habari ya mbweha na miaka 20 imenikalisha. Ila nakiri Massey na Ferguson wameshanipendeza kuliko majina yangu. Wangu niliwaita kwa siku za wiki, wakanizidi, nikaanza miezi.

Shosho_wa_Molo

Msimsahau Beatrix Potter jamani, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za wanyama, kila mara wanaume wakizungumza habari za wanyama huanza na askari.

Yeye alipita njia ile ile akitoka upande wa pili. Alianza na vitabu. Hadithi ya Peter, sungura mwenye koti la buluu, wachapishaji waliikataa, akaichapisha kwa pesa zake mwaka 1901, nakala 250, ndipo kampuni ya Frederick Warne ikaikubali 1902. Pesa za vitabu zikamnunulia shamba la Hill Top mwaka 1905. Polepole akaacha kuandika akawa mfugaji wa kondoo, na si wa kuchezea, alishika kondoo wa Herdwick, wale wa milimani wenye manyoya magumu, akishinda zawadi kwenye maonyesho. Alipokufa 1943 alikuwa amechaguliwa kuongoza chama cha wafugaji wa Herdwick na hakuwahi kukaa kwenye kiti. Mashamba yake, zaidi ya ekari 4,000, aliyaachia National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, ili yasiuzwe vipande vipande.

Mimi nina kondoo 40 hapa Molo, na nawaambia, mwenye kondoo hana muda wa kuandika. Huyo mama alikuwa na akili ya kuandika kwanza.

Mfugaji_Busia

Shosho, lakini sungura wake wanavaa makoti.

Shosho_wa_Molo

Na baba yake Peter alitiwa kwenye pai akaliwa, imeandikwa mwanzoni kabisa mwa hadithi. Koti halikumsaidia. Rudi ukasome.

Kaloleni_Mkazi

Kumradhi naingia kwa mambo ya yule binti wa dawatini. Mimi ni Muislamu, nimekulia Kaloleni hapa Kisumu, na sasa nina wajukuu. Mwalimu, ulifanya vizuri kutomsukumia kitabu mkononi. Wengine wangemchekesha darasani, na hapo ungekuwa umempoteza yeye na hadithi yote.

Nyama ya nguruwe kwetu ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kusikiliza habari zake si kumla. Kinachonivutia ni hiyo shikamoo yako. Katika lugha yetu ukimwita mtu nguruwe umemaliza matusi yote, hubaki na akiba. Sasa wewe umemchukua huyo huyo ukamtia salamu ya heshima mdomoni, na ndiye mwenye adabu kuliko wote shambani. Watoto walicheka kwa sababu hiyo, hata kama hawakujua. Mwingereza alisema tafadhali tu. Nadhani kwako kumeongezeka kitu.

Umalizie kutuambia mwisho ulisemaje. Nasikia kuna mashindano.

MwalimuNjoro

Mzee wa Kaloleni, shikamoo, na ahsante. Hilo la akiba ya matusi nitalitumia bila kukuomba tena ruhusa.

Mwisho ni mashindano ya mbwa wachunga kondoo, na nguruwe anaingia uwanjani. Kondoo wa pale ni wageni, hawamjui, na hapo kuna maneno ya siri ambayo kondoo wa nyumbani wamempa, shairi dogo la vina. Hapo ndipo nilikwama. Vina vyake ni vya kondoo dume na kondoo jike na nyama yao, kwa Kiingereza yanagongana vizuri, kwa Kiswahili yakawa kama tangazo la bucha. Nikawapa watoto kazi ya wikendi: kila mmoja alete maneno ya siri ya kondoo. Nilipata 38. Lililoshinda lina mistari miwili: “Kondoo hana kelele, kondoo ana masikio, ukija na shikamoo, hutatuona mbio.” Aliyeandika ni yule binti. Kwenye karatasi yake, mahali pa jina la mhusika, ameandika “yule mnyama”.

NyarDunga

Mwalimu, hilo shairi lisipotee. Na daftari lako je? Lichape upya safi, uwasomee watu wasiokupenda, kisha peleka kwa mchapishaji. Ujiandae kusubiri, maana wengi hutaka kwanza kujua kama kitabu kitapita kwa taasisi ya mitaala ndipo waweke pesa. Ila Tuzo ya Jomo Kenyatta ina kitengo cha vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na si kila mara ushindani unakuwa mkali. Majina ya miezi toa. Hakuna mtu atakayemlilia kuku anayeitwa Novemba.

MwalimuNjoro

Novemba ndiye aliyekuwa anataga viini viwili! Huyo simtoi.

Nirudi na habari moja tu halafu niwaachie. Ijumaa iliyopita, baada ya kumaliza kitabu, nilileta jogoo wangu mmoja wa kienyeji shuleni kwenye kikapu. Kila mtoto akaruhusiwa kumbeba mara moja na kuandika uzito kwenye kijikaratasi. Mizani tulikopa kwa jirani wa kinu cha posho. Makisio yalianzia nusu kilo hadi kilo tisa. Wa kilo tisa ni mtoto wa daktari wa mifugo, sijui nimwambie nini baba yake. Jogoo alikuwa kilo mbili na gramu 300. Aliyeshinda ni kijana ambaye mama yake huuza kuku Jumatano na Jumamosi sokoni, aliandika 2.3 bila hata kumbeba, alimtazama tu miguu.

Nilikuwa nimeahidi, kwa hivyo alikwenda naye nyumbani. Saa mbili usiku mama mtu akanipigia. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua, kwa kuwa kijana amejifungia na jogoo chumbani na amekataa kutoka, huyu ni wa kuuza au ni wa hadithi?